Safu nne si dawa: rejeta za Land Cruiser mkonga

Juma lililopita imeletwa gereji Land Cruiser mkonga nyingine, injini 1HZ, bodi imerefushwa kwa ajili ya watalii. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na boksi jipya. Dereva kanisalimia, kafungua boksi kabla hata hajazima gari, akaniambia, "Fundi, safari hii nimemaliza kazi. Rejeta ya safu nne hiyo."

Mwaka huu yeye ni dereva wa tano kuniletea safu nne, yaani rejeta nene yenye mistari minne ya mirija ya maji, mmoja nyuma ya mwingine. Wote wana hadithi moja: gari linachemsha likipanda kutoka kreta ya Ngorongoro, fulani kamwambia rejeta yake ni nyembamba, kanunua nene. Naandika haya kwa sababu nimechoka kuyasema mlangoni pa gereji huku mtu ameshalipa.

Maji yanapozwa na hewa inayopita kwenye rejeta. Unene peke yake haupozi kitu. Hewa ikiingia mbele ni baridi, kwa hiyo safu ya kwanza inatoa joto jingi. Safu ya pili inakutana na hewa iliyokwisha kupata vuguvugu. Ikifika ya nne, hewa imekaribiana joto na maji yenyewe, na joto haliondoki pasipo tofauti. Sikatai kwamba safu ya nne inafanya kazi. Inafanya, ila kidogo, na wakati huohuo inaziba njia ya hewa kwa zile tatu za mbele.

Sasa angalia gari linafanya kazi wapi. Kwenye lami ya Makuyuni kwenda Arusha upepo unasukumwa na mwendo wenyewe, una nguvu ya kupenya hata rejeta nene. Huko safu nne itakusaidia, na dereva atakuja kuniambia nilikosea. Lakini kwenye kipandio cha Lerai, kutoka kreta, uko gia nzito, gari linatambaa, injini inalia, na pengine upepo unakufuata mgongoni. Hapo hewa yote inatoka kwenye feni. Feni haina nguvu ya kuvuta hewa kupitia ukuta.

Nilimwonyesha kwa tochi. Nikamwita mbele ya rejeta, nikaweka taa nyuma yake. Ile ya zamani, chafu vile vile, ilipitisha mwanga sehemu mbalimbali. Ile mpya mwanga ulionekana kama unapita kwenye kitambaa kizito, maana mbali na safu nne, mapezi yake, vile vibati vyembamba kati ya mirija, yalikuwa yamebanana mno. Mapezi yaliyobanana yanafaa gari la mjini. Huku kwetu, msimu nyasi zikikauka, mbegu zinaingia kwenye mapezi zinakaa kama sindano. Nikachukua mswaki wa zamani na waya mwembamba, nikachokoa kwenye ile rejeta yake kuukuu, eneo la ukubwa wa kiganja tu. Zikatoka mbegu za kujaza kifuniko cha chupa ya soda. Zilikuwa nyuma ya kondensa ya AC, mahali ambapo mpira wa maji wa kuoshea gari haufiki. Alikuwa anaosha gari lake kila siku.

Halafu tukajaribu kuiweka. Kwa sababu ni nene, ikaja karibu na feni kiasi cha kidole kimoja, na kava la feni, lile linaloziba pengo kati ya feni na rejeta, halikukaa. Akasema tulitoe tu kava. Ndugu zangu, hapana! Rejeta ni ya pembe nne, feni ni duara. Ukitoa kava, feni inavuta hewa kwenye lile duara lake tu, na nyingine inaizungusha pembeni inarudi ileile ya moto. Pembe nne za rejeta zinalala. Umelipia safu nne, unatumia nusu ya uso wake. Nimeona magari mengi yenye rejeta nzuri kabisa yanachemsha kwa sababu kava liko stoo, limefunikwa vumbi.

Kabla ya kununua chochote, kagua klachi ya feni, kile kiungo kinachoifanya feni ishike mwendo wa injini ikipata moto. Injini ikiwa ya moto na umeizima, izungushe feni kwa mkono: ikizunguka yenyewe raundi kadhaa bila kizuizi, imekwisha. Kagua kifuniko cha rejeta pia. Kile cha 0.9 (presha kwa bar) kinachoshika presha vizuri kinafanya maji ukingoni mwa kreta, mita 2,300 hivi, yachemke kwenye nyuzi 114 hivi. Kifuniko kilichochoka, maji yale yale yanachemka kwenye 92. Na ukiona mapovu kwenye rejeta baridi injini ikiwaka, usinunue rejeta, fungua hedi, maana ni gesi ya injini inayovuja kwenye maji. Suala la kutoa themostati, ile vali inayoachia maji injini ikipata moto, nitaliandikia siku nyingine. Kwa leo nasema tu: irudishe.

Shaba au alumini? Kila mtu anajua shaba inapitisha joto kuliko alumini, na ni kweli, inakaribia mara mbili. Ila katika rejeta ya shaba, shaba ni mapezi. Mirija ni ya brasi (shaba iliyochanganywa na zinki), ambayo inapitisha joto chini ya alumini, na vyote vimeshikanishwa kwa lehemu, ambayo ni duni zaidi. Alumini haina lehemu hiyo na mirija yake inaweza kuwa mipana, milimita 25 na zaidi, wakati ya brasi mara nyingi ni 12 hadi 16. Kwa hiyo safu mbili za alumini zinaweza kufanya kazi ya safu nne za brasi. Kuhesabu safu bila kupima upana wa mirija ni kama kuhesabu vyumba bila kuuliza ukubwa wake.

Pamoja na hayo, magari mengi ya hapa nayawekea brasi. Sababu ni maji. Dereva akiishiwa porini anajaza ya kisima, na maji mengi ya ukanda huu yana magadi. Magadi yanaila alumini, haichukui muda kuanza kutoboka. Brasi nayo inapata ukoko ndani, lakini ukoko nauzibua: nafumua tangi la juu, napitisha ubapa wa chuma kwenye kila mrija, narudisha kwa lehemu. Alumini yenye matangi ya plastiki, barabara ya mawimbi ikipasua tangi, fundi wa Karatu hana la kufanya. Kama gari ni lako, unaliendesha mwenyewe na hujawahi kutia maji bila kulanti (dawa ya maji ya rejeta), weka alumini, tena yenye matangi ya alumini pia, si ya plastiki, na nitaifunga kwa moyo mweupe.

Kuna jambo linanisumbua kwenye kipimo changu mwenyewe. Ile bastola ya kupimia joto inasoma vizuri tangi lililopakwa rangi nyeusi, lakini alumini inayong'aa inaidanganya, inaonyesha chini kuliko ukweli. Kwa hiyo baadhi ya magari niliyosema zamani kwamba alumini "imepoza sana" siwezi kuyasimamia leo. Sasa nabandika kipande cha tepu nyeusi kwanza. Na kuzibua vilevile: rejeta mbili zilizofanana uchafu, moja inakaa miaka, nyingine inarudi baada ya miezi sita, na kwa kuziangalia mezani nisingekuwa nimezitofautisha.

Ya yule dereva nimeizibua ile ya zamani, nimemwekea klachi mpya ya feni, kava limerudi, na mbele nimefunga wavu mwembamba wa kuzuia mbegu, wa kutoa kwa mkono jioni na kukung'uta. Safu nne ameirudisha dukani. Wamemkata kidogo.

Ukienda dukani wewe, beba futi. Pima unene wa ile ya zamani, nafasi mpaka kwenye pangaboi la feni, upande zinapotokea paipu za juu na chini, na kama gari ni otomatiki angalia tangi la chini lina kipozeo cha oili ya giabosi. Kisha iinue rejeta mpya kwenye mwanga wa mlango, kabla hujalipa.