Barafu nayo hutoa joto: tunayoyakosea kuhusu ncha za dunia na setilaiti zinazozipima

Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2020 na 2021, maji yakaingia mpaka majumbani mwa watu ufukweni Kigoma, kauli moja ilitawala vijiwe vya kahawa kuanzia Mwanga mpaka Ujiji: "Barafu ya huko nchani inayeyuka, maji yake ndiyo haya." Ina harufu ya usomi, ndiyo maana haifi. Lakini uso wa ziwa letu uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hata barafu yote ya dunia ingeyeyuka leo, bahari ingepanda takriban mita 70. Isitoshe, ziwa ndilo linalotoa maji, kupitia Mto Lukuga hadi Mto Kongo na kisha Atlantiki. Lililolijaza ni mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019.

Kinachotuunganisha hasa na ncha za dunia ni joto, na hapo ndipo watu wanapotea zaidi.

"Barafu ni baridi, itatoa joto gani?"

Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote, na nimeikuta hata kwa waliosoma fizikia. Kila kitu kisichofikia nyuzi 273 chini ya sifuri hutoa mionzi ya joto: wewe, dagaa waliotandazwa juani Kibirizi, na barafu pia. Mionzi hiyo ni ya infraredi, jicho haliioni. Jiko la mkaa likishapoteza wekundu bado kiganja kinalihisi kwa mbali. Ni mionzi hiyohiyo.

Tofauti iko kwenye kiasi. Ardhi yenye nyuzi 27 hutoa kama wati 460 kwa kila mita ya mraba. Theluji yenye nyuzi 30 chini ya sifuri hutoa karibu wati 200. Ni chini ya nusu, lakini si sifuri, tena hutoka usiku na mchana, hata ile miezi ambayo jua halichomozi kabisa huko. Linatoka wapi joto lote hilo? Sehemu yake ni letu. Jua linatupa sisi wa tropiki joto kuliko tunalolirudisha angani, na ziada hubebwa na upepo na mikondo ya bahari hadi kwenye ncha, ambako dunia hutoa joto jingi kuliko inalopokea.

"Theluji ni nyeupe, kwa hiyo inarudisha mionzi ya kila aina"

Mwanga wa jua, ndiyo: theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90. Kwenye infraredi ya joto, theluji ni kama nyeusi. Hufyonza karibu yote inayoipata na hutoa joto lake vizuri mno.

"Setilaiti inapiga mionzi chini ndipo ipime"

Wakati wa korona wapo waliokataa kuelekezewa kipimajoto cha bastola kwenye paji la uso, wakihofia kinapiga mionzi kichwani. Kile kifaa hakipigi kitu, kinapokea joto linalotoka mwilini mwako. Setilaiti za infraredi hufanya vivyo hivyo kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 500. Zipo setilaiti za rada ambazo kweli hutuma mawimbi, ila hizo ni habari nyingine.

"Setilaiti ziko juu miaka mingi, kila kitu kilishapimwa"

Kumbe sivyo. Kwa miongo mingi vifaa vingi vilipima infraredi yenye mawimbi mafupi kuliko maikromita 15 hivi (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Lakini kwenye Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini, karibu asilimia 60 ya joto linalotolewa hupita kwenye mawimbi marefu kuliko hayo, yaani infraredi ya mbali. Huku kwetu hewa imejaa mvuke wa maji, nao huizuia mionzi hiyo isifike mbali. Hewa ya nchani ni kavu mno, kwa hiyo mionzi hiyo inapenya na kwenda zake angani.

Pengo hilo ndilo NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ililolilenga kwa mradi wa PREFIRE: setilaiti mbili ndogo ambazo mtu angeweza kuzipakata, zilizorushwa kwa roketi za Electron kutoka Mahia, New Zealand, tarehe 25 Mei na 5 Juni 2024. Tristan L'Ecuyer wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison ndiye anayeongoza utafiti. Kwa nini mbili? Zikipishana juu ya eneo moja kwa tofauti ya saa chache, wanasayansi wanaona kilichobadilika katikati, kama theluji kuyeyuka au wingu kutanda.

"Setilaiti imevunja rekodi ya baridi"

Rekodi ya hewa bado ni ya kituo cha Vostok, Antaktika, bara la ncha ya kusini: nyuzi 89.2 chini ya sifuri, 21 Julai 1983. Setilaiti zimeona hadi karibu nyuzi 98 chini ya sifuri kwenye uwanda wa juu wa Antaktika Mashariki, lakini hilo ni joto la ngozi ya theluji yenyewe. Anayeviweka vipimo hivi viwili kwenye mizani moja anachanganya mambo.

"Mawingu si kitu, setilaiti inaona tu"

Infraredi ya joto haipenyi wingu nene. Juu ya barafu balaa huzidi, maana wingu na theluji vyote ni vyeupe, na wakati wa majira ya baridi wingu laweza kuwa na joto kuliko theluji iliyo chini yake. Hata ramani za joto la uso wa Ziwa Tanganyika zinazotegemea infraredi hutoboka matobo msimu wa mvua. Ukitaka picha iliyokamilika, tafuta za Juni au Julai.