Counteract na offset: tofauti iko wapi

Kila andiko la mradi wa mazingira ya ziwa linalopita hapa Mwanza siku hizi lina sehemu inasema mradi "uta-counteract na ku-offset" uchafu, afu ukishuka aya mbili unakuta hayo maneno yanapokezana kama mapacha. Na kwenye semina ni hivyo hivyo, mtu anasimama anasema offset wakati anachoelezea ni counteract, anayemjibu naye anageuza. Inaniuma kwa sababu neno moja hapo linaahidi kugusa tatizo lenyewe, lingine linaahidi kulilipia tu, na wananchi wa mwaloni, pale boti za uvuvi zinaposhushia samaki, wanaosomewa hiyo ahadi wana haki ya kujua wameahidiwa ipi.

Maana zake kwa haraka. Counteract ni kuweka nguvu inayoishambulia athari palepale ilipo mpaka ipungue. Offset ni kuiacha athari ilivyo, ukatafuta faida sehemu nyingine ili hesabu ikae sawa. Neutralise ni kuikata nguvu yote, kama ile dawa ya magnesiamu ya kutafuna ukiwa na kiungulia, inakutana na asidi tumboni vinabaki chumvi na maji. (Omeprazole haifanyi hivyo, yenyewe inazuia asidi isitengenezwe, kwa hiyo kusema ina-neutralise sio sahihi.)

Sasa twende kwenye asili, maana ndo panapofungua macho. Counter ya kwenye counteract imetoka kwenye Kilatini contra, yaani kinyume, imepitia Kifaransa ikaingia Kiingereza, na act ni kutenda. Kutenda kinyume. Kaunta ya dukani au baa haina undugu na hiyo, imetokana na neno la Kilatini la kuhesabu, ilikuwa meza ya kuhesabia hela. Neutral nayo ni Kilatini, neuter, maana yake wala huyu wala yule, hana upande. Lakini offset haina Kilatini wala nini, ni Kiingereza cha nyumbani, set na off, na hii maana ya kufidia ilishika kwenye karne ya 18 kwenye mambo ya madeni: kiasi hiki kinawekwa kukabili kiasi kile, linalipwa salio.

Yaani ni kukatana. Mtu yeyote wa mwalo wa Kirumba hapa Mwanza anaijua hii hata kama hajawahi kusikia neno offset. Tajiri kakukopesha mafuta ya injini ya 60,000, umerudi asubuhi na sangara wa 90,000, samaki wanapimwa, daftari linafunguliwa, anakata chake anakupa 30,000. Deni limeisha. Lakini mafuta yameshaungua huko ziwani hayarudi, na bei ya petroli haijashuka hata shilingi moja, kilichobadilika ni daftari. Na siku samaki wakiwa wachache mtu akiuza bondo, kile kibofu cha hewa cha ndani ya sangara, ambalo kilo yake ni hela nyingi kuliko kilo ya minofu, akasema bondo limeokoa safari, hiyo ni offset safi kabisa, hasara ya mafuta ipo palepale na faida ya bondo imesimama mbele yake.

Kiswahili kilishaliona hili zamani kwa neno fidia. Limetoka Kiarabu, kwenye kukomboa mtu kwa mali. Mzee ambaye hawezi tena kufunga Ramadhani kwa uzee anatoa fidia kwa kulisha maskini kwa kila siku aliyokula, na hakuna anayesema kwamba mzee alifunga, wanasema ametoa fidia. Tungeshika hapo tu tusingechanganya.

Counteract yenyewe ukitaka kuiona, angalia gugumaji. Liliingia ziwani kwenye miaka ya 1980 mwishoni, likaziba mialo, boti hazitoki, na miaka ya 1990 wakaletwa mbawakavu wanaoitwa Neochetina, asili yao Amerika ya Kusini huko huko kwao gugumaji. Mdudu aliyekomaa anatafuna jani linabaki na madoadoa, mabuu yanatoboa shina kwa ndani, mmea unalegea na kuanza kuzama. Hapo nguvu imekwenda kwenye mmea wenyewe. Na gugumaji bado lipo mpaka leo, kwa hiyo counteract haimaanishi kumaliza, ndo maana mtu akitaka kusema limeisha atafute neno lingine.

Kwa hiyo ukiniambia maji machafu yanayoshuka na mto Mirongo kuingia ziwani utaya-offset kwa kupanda miti wilaya nyingine, nakuuliza, hiyo miti inakutana wapi na maji ya Mirongo? Kwenye hewa ya ukaa hesabu hiyo ina mantiki, kwa sababu hewa inachanganyika dunia nzima, tani iliyotoka kwenye ndege na tani iliyonyonywa na msitu wa mbali ziko kwenye anga moja. Lakini fosforasi, kirutubisho cha kwenye hayo maji machafu kinacholisha mwani pale ufukweni, haiendi popote kwa sababu kuna mti umeota mbali. Hiyo miti ingepandwa kwenye kingo za Mirongo ikashika udongo usiingie majini ningekubali, ila hapo andika counteract, maana imegusa kitu chenyewe.

Na kuna mitigate, hii nayo imeteseka sana. Imetoka kwenye mitis, laini, kwa hiyo ni kulainisha makali ya athari, na athari inabaki. Watu wengi wanaandika "mitigate against" kwa sababu wameichanganya na militate, ambayo imetoka kwenye miles, askari, na hiyo ndo inapigana kwa hiyo ndo inachukua against. Ukiwa unamaanisha kupunguza makali, toa against, andika tu "mitigate the effects of flooding" inatosha.