Dhamana ya mkopo: kwa nini huwakwamisha wafanyabiashara wadogo

Dhamana ni mali anayoiweka mkopaji ili deni likishindikana, mkopeshaji aiuze na kujilipa. Benki nyingi nchini Kenya hupenda zaidi ardhi yenye hatimiliki, kwa kuwa haihamishwi usiku na bei yake haianguki haraka.

Hapo ndipo mama anayeuza omena soko la Kibuye, Kisumu, anapokwama. Shamba analolima kijijini mara nyingi bado lina jina la baba mkwe au babu aliyefariki zamani. Kesi ya mirathi haijafunguliwa, pengine kwa sababu ya gharama, pengine ndugu hawajaelewana. Bila mirathi hakuna hati ya kupeleka benki, hata kama familia imelima hapo vizazi vitatu. Na ikiwa hati ina jina la mumewe, ombi lake la mkopo linaishia mikononi mwa mume. Wanaosema wanawake hawa hawakopesheki wanapaswa kwanza kuangalia hati zimeandikwa majina ya nani.

Mali nyingine anayo: friji, mizani, bidhaa. Mwaka 2017 Kenya ilitunga sheria inayoruhusu mali inayohamishika kuwa dhamana, na usajili wake hufanywa kielektroniki. Cherehani, mifugo, hata fedha unazowadai wateja zinaweza kusajiliwa. Ni sheria nzuri sana. Lakini kukagua friji kuukuu, kuifuata ilipo na kuiuza ni kazi ambayo huweza kula sehemu kubwa ya mkopo wenyewe ukiwa mdogo, kwa hiyo wakopeshaji wengi bado husita.

Ndiyo maana watu hukimbilia chama, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ambako wanachama hudhaminiana, au mkopo wa simu. Mfuko wa Hustler, mfuko wa serikali unaokopesha kwa simu, ulipoanza Novemba 2022 haukudai dhamana: shilingi 500 hadi 50,000, kulipwa ndani ya siku 14. Fedha hizo huongeza gunia la omena. Kununulia friji kubwa na kuilipia kwa wiki mbili ni vigumu mno.

Ukifanikiwa kukopa kwa kuweka vifaa vya kazi, ukimaliza deni mtake mkopeshaji afute usajili wa dhamana hiyo. Usipofutwa, mkopeshaji mwingine atakayepekua sajili ataona friji yako ingali imefungwa na deni ulilokwisha kulipa.