The Great Escape: pikipiki haikuwepo

Mtajie mtu The Great Escape, sinema ya mwaka 1963, na jibu lake la kwanza ni pikipiki: Steve McQueen anaruka seng'enge, Wajerumani nyuma yake. Basi tuanze hapo hapo. Usiku wa kuamkia 25 Machi 1944, wafungwa wa Stalag Luft III, kambi ya Wajerumani ya wanahewa waliotekwa katika Vita vya Pili vya Dunia, walitoka kwa handaki walilochimba, wakatoroka kwa miguu na kwa treni. Pikipiki haikuwepo. Hata katika sinema aliyeruka ni Bud Ekins, rafiki yake McQueen. McQueen mwenyewe alikuwa dereva hodari kweli, hadi sehemu nyingine akavalishwa sare ya Kijerumani, akawa anajifukuza mwenyewe!

Na Wamarekani tunaowaona wakitoroka katika sinema je? Walishiriki maandalizi, ila walihamishiwa upande mwingine wa kambi miezi kadhaa kabla. Mkuu wa mpango, Roger Bushell, alikuwa rubani wa Uingereza mzaliwa wa Afrika Kusini, na Wakanada walichimba sana. Halafu lile jua na majani mabichi ni ya Bavaria, sinema ilikopigwa. Usiku wenyewe ulikuwa wa theluji.

Kuna wanaodhani mambo ya handakini ndiyo yaliyotiwa chumvi. Hapana, hapo sinema imesema kweli. Mchanga wa chini ulikuwa wa njano na wa juu kijivu, kwa hiyo ule wa chini ungewasaliti. Waliutia katika vifuko virefu ndani ya suruali, wakavuta kamba mfukoni, ukachuruzika miguuni huku wakitembea na kuuchanganya kwa viatu. Bomba la hewa liliungwa kwa makopo ya maziwa ya unga. Kuta za handaki zilizuiwa kwa mbao za vitanda, na waliolala juu walijua kilichopungua.

Linaloniudhi ni kuikumbuka hadithi hii kama ushindi. Walitoka 76, wakafika salama 3: Wanorwei 2 na Mholanzi 1, ambao sinema imewapa uraia mwingine. Kati ya 73 waliokamatwa, 50 waliuawa kwa amri ya Hitler. Sinema inawamiminia risasi wote pamoja uwanjani. Kumbe Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, waliwaua mmoja mmoja au wachache wachache, kisha wakadai walikuwa wanajaribu kutoroka tena. Majivu yao yalirudishwa kambini katika vyombo vilivyoandikwa mahali miili ilikochomwa. Wenzao wakasoma: Görlitz, Breslau, Danzig.