Picha ya Mandhari: Kubwa Kiasi Gani?

Dhana: Kadiri picha inavyokuwa kubwa ndivyo inavyopendeza.

Hapana. Michael Kenna, Mwingereza anayepiga mandhari kwa nyeusi na nyeupe, husafisha picha nyingi kwa ukubwa wa takriban sentimita 20 kwa 20 tu. Kuitazama lazima usogee, uinamishe kichwa, uwe peke yako nayo. Andreas Gursky, mpiga picha Mjerumani, naye, katika "Rhein II" ya mwaka 1999, alichapa mto Rhine kwa upana unaopita mita 3. Pale ndipo unaporudi nyuma, na maji na nyasi bado vinakujaa machoni. Wote wawili wamepatia, kwa sababu kila mmoja alijua anataka mtazamaji asimame wapi.

Dhana: Bila nukta 300 za uchapaji kwa kila inchi, picha kubwa itapoteza ukali.

Namba hiyo ni ya picha unayoishika mkononi, sentimita 30 hivi kutoka usoni. Ukiitazama kutoka sentimita 60, nukta 150 zinatosha. Kamera ya megapikseli 24 hutoa nukta 6,000 kwa 4,000: kwa 300 utapata upana wa sentimita 50, kwa 150 utapata mita nzima. Ila mandhari yana jambo lake: watu huyasogelea. Mtu akiona mlima ukutani, atataka kujua kama kuna njia, kama kuna moshi wa kijiji. Mwachie cha kukuta.

Dhana: Picha kubwa zimeletwa na dijitali.

Mwaka 1861 mpiga picha Carleton Watkins alipanda bonde la Yosemite, Marekani, na vioo vya kunasia picha (vilivyotumika kama filamu) vya inchi 18 kwa 22, mizigo ikibebwa na nyumbu. Picha ilitoka na ukubwa wa kioo chenyewe.

Dhana: Picha ni ile ile, saizi haibadilishi kitu.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Nina picha ya Kilimanjaro niliyoipiga kutoka Amboseli. Ikiwa saizi ya postikadi, ni mlima, basi. Tembo walio chini ni kama punje za ulezi. Nilipoichapa kwa upana wa mita moja, mlima ulitulia nyuma na tembo wakawa ndio habari: mmoja amejimwagia vumbi, ndama yuko chini ya tumbo la mama yake.

Kwa hiyo kabla ya kulipia, unganisha magazeti kwa saizi unayoifikiria, yabandike ukutani, kisha kaa kwenye kochi unalokalia kila jioni. Kama kutoka hapo huwezi kumwona ndama, ongeza gazeti.