Umekula saa ngapi?

Ijumaa moja, saa tano kasoro usiku, simu yangu ililia mara tatu mfululizo. Picha ya kwanza ilikuwa ya karatasi ya chokoleti, ya zambarau, imechorwa uyoga mwekundu wenye madoa meupe. Ya pili ni nusu ya chokoleti yenyewe, imelazwa juu ya meza ya kioo. Kisha maneno: "Shikamoo dokta. Binamu yangu katoka nayo Ulaya. Rafiki yangu kala nusu, sasa anaogopa feni."

"Marahaba. Kala saa ngapi? Na alianza kubadilika saa ngapi?"

Mimi ni mfamasia, na kwa miaka mingi shughuli yangu imekuwa sumu. Mtu aliyekula uyoga asioujua, swali langu la kwanza ni la saa, kabla ya damu na kabla ya mkojo. Dalili zikianza ndani ya nusu saa hadi saa moja hivi, mara nyingi tatizo liko kwenye ubongo, na mara nyingi linapita. Mtu akikaa vizuri, akalala, kisha akaanza kutapika na kuharisha baada ya muda wa saa 6 au zaidi, hapo nawaza ini, na usiku huo mimi silali.

Huyu alikula saa tatu na nusu. Saa nne na dakika kumi feni ikaanza "kupumua". Dakika 40. Nilishusha pumzi, lakini si yote. Niliwaambia waende hospitali ya karibu kwa bajaji, wasiendeshe, na karatasi waje nayo. Waliogopa polisi. Niliwajibu kwamba daktari wa zamu hana pingu, anachotaka ni kujua kilicholiwa.

Uyoga unaotafutwa kwa ajili ya maruweruwe ni ule wa jamii ya Psilocybe, wenye kemikali ya silosibini. Albert Hofmann, mkemia wa Uswisi, yule yule aliyetengeneza LSD, dawa ya kulevya inayoleta maruweruwe, ndiye aliyeitenga mwaka 1958. Ikiingia mwilini hugeuka silosini, inayofanana sana na serotonini, kemikali ya mwili wenyewe inayopeleka ujumbe ubongoni. Ni kama ufunguo wa jirani unaoingia kwenye kitasa chako: unazunguka vizuri tu, ila aliyeingia siye uliyemtarajia. Mboni zinatanuka, moyo unakimbia, presha inapanda, tumbo linachafuka. Halafu macho. Kijana wetu alituambia maua ya kitenge cha kochi yalikuwa yanatembea kwa mstari kama siafu, na kwamba dakika moja ilikuwa haiishi. Hali hiyo hukaa kwa muda wa saa 4 hadi 6.

Anayekwambia uyoga huu unaua kama sumu ya panya anakudanganya. Silosibini yenyewe ni nadra kuua, na si kitu cha kumshika mtu kama heroini. Nalisema wazi kwa sababu vijana wameshalisoma, na ukiwadanganya hapa hawatakusikia utakapofika penye hatari ya kweli.

Ya kwanza ni hofu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha majibu ya watu 1,993 waliowahi kupata "safari mbaya" ya uyoga, yaani maruweruwe yaliyogeuka mateso. Asilimia 39 waliiweka miongoni mwa mambo matano magumu kuliko yote waliyowahi kupitia maishani, na asilimia 11 walikiri kwamba siku ile walijiweka wao au wenzao hatarini. Kumbuka hao walichaguliwa kwa sababu safari iliwaharibikia. Si kila anayekula. Lakini mtu anayeamini ukuta unamfuata anaweza kuruka dirisha au kuingia barabarani bila kudhamiria kujiua.

Kule hospitali dawa ya kwanza ilikuwa kuzima feni na taa moja. Muuguzi wa makamo alivuta kiti, akakaa karibu, akawa anarudia kwa sauti ile ile: "Niko hapa mwanangu, ni ile chokoleti, itapita." Kijana alishika ncha ya kanga ya shangazi yake kama mtoto siku ya kwanza shuleni. Hakubishiwa, hakuchekwa, hakufungwa. Wamazateki wa Huautla de Jiménez, kule Oaxaca, Mexico, wanalijua hili tangu zamani: uyoga wao huliwa usiku, kwa ibada, pembeni yake yuko mganga anayeimba mpaka alfajiri. María Sabina alikuwa mmoja wa waganga hao. Mgeni kutoka Marekani alihudhuria mwaka 1955, akaandika gazetini 1957, na wageni wakamiminika kutafuta stimu. Mama wa watu akaishia kuchomewa nyumba.

Ya pili ni ukoo. Mwenye skizofrenia au baipola kwenye familia anaweza kusukumwa na uyoga akaingia kwenye kichaa kisichoisha asubuhi. Ndiyo maana majaribio ya kitabibu huwaondoa watu hao mapema. Shida ni namna tunavyouliza. Ukimuuliza Mswahili kama kwao kuna mgonjwa wa akili, atakwambia hakuna. Uliza kama kuna aliyerogwa, aliyepandwa na jini au aliyedata akiwa chuoni, na wajomba wawili watatokea. Siku hizi nauliza hivyo. Nauliza pia dawa anazotumia, hasa lithiamu, dawa ya baipola, maana ikichanganywa na silosibini imehusishwa na degedege.

Ya tatu ndiyo inayonitisha kuliko zote: kwamba ulichokula sicho. Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuna kauyoga kadogo ka kahawia, Galerina marginata, kanakoweza kuota mahali pamoja na Psilocybe na kufanana nao. Ndani yake mna amatoksini, sumu ile ile ya Amanita phalloides, uyoga maarufu kwa kuua, na kukapika hakusaidii kitu. Desemba 1981, kwenye kisiwa cha Whidbey, jimbo la Washington, vijana watatu walikula uyoga wa namna hiyo wakidhani ni wa stimu. Msichana wa miaka 16 akafa. Sumu hii huzuia seli za ini kusoma maagizo ya kutengeneza protini. Mgonjwa anaharisha kama mwenye kipindupindu, kisha siku ya pili anapata nafuu, anaomba uji, ndugu wanashukuru Mungu. Ini linaendelea kufa kimya kimya. Nafuu hiyo imewarudisha watu nyumbani siku ambayo hawakupaswa kutoka wodini.

Na ule uyoga mwekundu wa kwenye karatasi, ambao pia ndio emoji ya simu yako? Ni Amanita muscaria. Hauna silosibini hata chembe. Una muskimoli na asidi ya iboteniki, vitu vinavyoleta usingizi mzito, kuchanganyikiwa na wakati mwingine degedege. Huku kwetu uliingia na misonobari ya kupandwa. Picha peke yake, basi, ilinitosha kutoiamini chokoleti ile. Mwaka 2024 huko Marekani zaidi ya watu 100 waliugua kutokana na chokoleti na peremende za "uyoga" za chapa moja, na vipimo vya maabara vilikuta mchanganyiko ambao mlaji asingeweza kuukisia.

Najua swali linalofuata, maana mnaniuliza kila wiki: mbona silosibini inatibu sonona? Utafiti upo, na ni wa heshima. Mmoja wa mwaka 2022, wenye wagonjwa 233, ulionyesha kwamba miligramu 25 kwa mara moja zilipunguza sonona sugu wiki tatu baadaye kuliko kipimo kidogo kabisa. Lakini hiyo ilikuwa silosibini ya maabara, imepimwa, wagonjwa wamechujwa, mtaalamu kakaa nao kutwa. Na hata humo baadhi walipata mawazo ya kujiua.

Kijana alilala saa tisa usiku. Tulimweka mpaka jioni, tukapima ini mara mbili, likawa salama. Karatasi bado iko mezani kwangu. Nyuma, kwa herufi ndogo sana, wameandika viambato: sukari, siagi ya kakao, maziwa, mchanganyiko maalumu.