Mlinganyo halisi wa ioni si ufupisho

"Pasua kila kitu, kansela zinazofanana, umemaliza." Maneno haya yamezoeleka sana kwenye tuisheni za kemia hapa Kigoma, Mwanga mpaka Ujiji, kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu anaamini mlinganyo halisi wa ioni ni mlinganyo wa kawaida uliopunguzwa urefu. Sivyo hata kidogo.

Kupasua ni kuandika kitu kama ioni zake, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Mlinganyo halisi wa ioni unaonyesha chembe zilizobadilika tu baada ya miyeyusho kukutana. Ioni zilizobaki zikielea majini kama zilivyokuwa mwanzo huitwa watazamaji, nazo haziandikwi. Yeyusha chumvi ya Uvinza, dondoshea nitrati ya fedha, na papo hapo maji yatageuka meupe:

Ag⁺(aq) + Cl⁻(aq) → AgCl(s)

Alama (aq) ni kilichoyeyuka majini, (s) ni kitu kigumu. Sodiamu na nitrati hazikuhusika. Tumia kloridi ya potasiamu badala ya chumvi, na mstari huo hautabadilika. Lakini changanya chumvi na nitrati ya potasiamu: utakansela mpaka karatasi ibaki tupu, kwa sababu humo majini hakuna kilichotendeka.

Kukansela basi ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kujua nini kinaruhusiwa kupasuliwa, na hapo ndipo wengi wanapotea, kwa kudhani kwamba kinachoyeyuka lazima kijigawe kuwa ioni. Sukari inayeyuka vizuri sana, ila molekuli zake zinabaki nzima. Svante Arrhenius wa Sweden alipima jinsi miyeyusho inavyopitisha umeme, akaona mingine inapitisha vizuri na mingine kwa shida. Mwaka 1887 alieleza kwamba chumvi ikiingia majini hujigawa yenyewe kuwa ioni, hata kabla umeme haujapitishwa, na kwamba vitu hutofautiana kwa kiwango cha kujigawa. Kwa nadharia hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1903.

Tazama siki. Asidi iliyomo inachanganyika na maji kwa kiasi chochote upendacho. Hata hivyo, katika myeyusho wa moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa chembe), kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, ni molekuli kama 13 tu katika kila 1,000 zilizojigawa. Zilizobaki ni nzima, ndiyo maana huitwa asidi dhaifu. Ukiandika H⁺ kana kwamba ndiyo iliyojaa mle, umeandika habari za maji mengine.

Na jambo hili linapimika kwa kipimajoto. Asidi ya haidrokloriki ikikutana na haidroksidi ya sodiamu, au asidi ya nitriki na haidroksidi ya potasiamu, joto linalotoka ni lile lile, takriban kilojuli 57 kwa kila moli ya maji yanayoundwa. Vitu ni tofauti, joto ni moja, kwa kuwa kinachotendeka ni kimoja: H⁺ na OH⁻ kuwa maji. Weka amonia mahali pa haidroksidi, na joto litashuka hadi takriban 52. Amonia ni besi dhaifu, haikuwa imejigawa, kwa hiyo mlinganyo wake ni mwingine: NH₃ + H⁺ → NH₄⁺. Ufupisho wa maandishi hauwezi kubadilisha joto la chombo.

Kwa hiyo asidi kali, besi kali na chumvi zinazoyeyuka ndizo za kupasua. Asidi dhaifu, besi dhaifu, maji, gesi na vitu vigumu viandikwe vizima. Mwishoni hesabu chaji pia: Cu + Ag⁺ → Cu²⁺ + Ag ina atomi sawa pande zote, lakini kushoto kuna chaji moja na kulia mbili. Inatakiwa Ag⁺ mbili upande huu na Ag mbili upande ule.

Sasa, kwa wanaopenda jaribio la siki na baking soda (NaHCO₃), nawaomba waache kuandika H⁺ + HCO₃⁻ → H₂O + CO₂. Huo unafaa kwa asidi ya haidrokloriki. Kwa siki andikeni hivi:

CH₃COOH + HCO₃⁻ → CH₃COO⁻ + H₂O + CO₂

Mtazamaji hapo ni Na⁺ peke yake.